Tabo mbili au moja? Jibu kwa msomaji wa Mbeya anayetaka Legacy

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mbeya na kazi yangu inanipeleka Dar mara kwa mara, kwa hiyo natafuta gari la safari ndefu. Nimepata Subaru Legacy mbili, zote otomatiki, zote cc 2,000, na bei zinakaribiana. Moja ni saluni ya B4 ya mwaka 2001 yenye tabo (turbo) mbili, nyingine ni ya mwaka 2005 yenye tabo moja. Muuzaji wa ile ya 2001 anasema yake ina nguvu zaidi kwa sababu tabo ni mbili, na kwamba Subaru waliondoa moja ili kupunguza gharama tu. Fundi wangu naye anasema niichukue hiyohiyo ya tabo mbili, halafu yeye azing'oe zote afunge moja kubwa. Ipi bora, tabo mbili au moja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nunua ya 2005, iwapo itapita ukaguzi nitakaokueleza huko chini. Kama imechakazwa, iache, lakini usiikimbilie ya 2001 kwa sababu tu ina tabo mbili.

Muuzaji wako ana bidhaa ya kuuza, simlaumu, ila hesabu yake haisimami. Legacy ya tabo mbili ya kizazi hicho, ile ya BE5 kwa saluni na BH5 kwa ya mgongo mrefu, ikiwa otomatiki ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 260. Iliyoifuata mwaka 2003, BL5 na BP5, yenye tabo moja na giaboksi ya otomatiki, ilitoka na farasi 260 vilevile. Za gia za mkono zote mbili zilikuwa 280, na hilo lina sababu yake: watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna atakayetangaza gari la kuuzwa nchini kwao lenye zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Ndiyo maana ukipekua karatasi za magari ya Kijapani ya miaka ya tisini utakuta yote makali yamejipanga kwenye 280, yenye tabo moja, yenye tabo mbili, madogo na makubwa.

Kwa hiyo ukitazama kilele cha nguvu hutaona tofauti. Tofauti iko mahali pengine. Chukua zile za gia za mkono, kwa sababu takwimu zake zinalingana vizuri: zote mbili zina nguvu ya kuvuta ya Newton mita 343. Ile ya tabo mbili inaifikia injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Ile ya tabo moja inaifikia kwenye 2,400. Soma tena namba hizo mbili. Wewe unayepanda Kitonga ukiwa umebanwa nyuma ya semitrela, unasubiri mwanya wa kupita, injini yako ipo kwenye elfu mbili na kitu. Gari la kwanza linakuambia subiri. La pili linaondoka.

Ilikuwaje tabo moja ikazishinda mbili zilizokuwa kabla yake? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye silinda, ya pili inavuta hewa ya nje na kuisindilia ndani ya injini. Hewa nyingi maana yake petroli nyingi inaweza kuungua, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Wazo lenyewe ni la zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliandikia hataza mwaka 1905. Tatizo lake ni la zamani vilevile. Moshi ukiwa kidogo, feni inazunguka polepole na haisindilii kitu. Ukikanyaga pedeli, injini ianze kutoa moshi mwingi, feni iongeze kasi, hewa ijae, ndipo gari livute. Kuchelewa huko ndiko madereva wanakosema tabo haijaingia.

Tabo kubwa inapitisha hewa nyingi lakini ni nzito kuianzisha. Tabo ndogo inaingia mapema lakini juu inakosa pumzi. Mambo mengine yote katika habari hii ni njia za kukwepa ugomvi huo.

Njia ya kwanza ni kugawa kazi: badala ya tabo moja kubwa, funga mbili ndogo, kila moja ilishwe na nusu ya silinda. Maserati walilitoa gari la namna hiyo mwaka 1981, nalo huhesabiwa kuwa gari la kwanza la barabarani kuuzwa na tabo mbili. Watu husikia "mbili" wakadhani nguvu imezidishwa mara mbili, kumbe jumla ya hewa ni ileile. Kinachopatikana ni wepesi. Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo panaponogea. Kila tabo ikipitisha nusu ya hewa, eneo la feni linashuka kwa nusu, na kipenyo kinabaki karibu asilimia 70 ya kile cha kwanza. Uzito wa feni kuanza kuzunguka hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tano, kwa hiyo feni ndogo inakuwa na ugumu usiofika hata moja ya tano ya kubwa. Ushindi mkubwa huo? Ngoja kwanza. Feni ndogo lazima izunguke kwa kasi ya mara 1.4 ili itoe presha ileile, na inapata nusu tu ya moshi. Ukijumlisha na kutoa yote, muda wa kuingia unabaki karibu asilimia 70 ya ule wa tabo kubwa. Umeokoa theluthi, tena kwenye karatasi. Kwenye chuma unaokoa pungufu, kwa sababu upenyo kati ya ncha za feni na nyumba yake haupungui kwa kadiri ileile, na vitu vidogo hupoteza joto haraka zaidi.

Theluthi si haba, lakini wala si muujiza. Umeilipia kwa mabomba mawili ya oili ya kwenda na mawili ya kurudi, mipira ya maji, gasketi, na shafti mbili zinazozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kila moja ikisubiri siku utakayochelewa kubadilisha oili.

Sasa Legacy yako ya 2001. Wengi wanaamini tabo moja inahudumia silinda za kulia na nyingine za kushoto. Sivyo. Injini ya Subaru imelaza pistoni, mbili kila upande, na kwenye gari hili moshi wa pande zote mbili unaunganishwa kisha unapelekwa wote kwenye tabo ya kwanza wakati injini iko kwenye mizunguko ya chini. Ya pili imelala. Injini ikifika juu kidogo, karibu na mizunguko 4,000, vali inafunguka na kuiachia tabo ya pili moshi kiasi ili ianze kujizungusha. Hewa yake ya mwanzo bado dhaifu, kwa hiyo inarudishwa, haiingii kwenye injini. Ikishapata presha, vali nyingine inafunguka, na kuanzia hapo zinafanya kazi pamoja. Ni mbio za kupokezana kijiti, isipokuwa mkimbiaji wa kwanza anaendelea kukimbia.

Kwenye mchoro linapendeza. Tatizo ni pale kijiti kinapobadilishana mikono. Tabo ya kwanza inanyang'anywa sehemu ya moshi wake wakati ya pili haijawa tayari, na presha inashuka. Dereva anasikia gari limevuta vizuri, limenyong'onyea, kisha limemsukuma tena. Kizazi cha kabla yake, kile cha 1993 hadi 1998, kilisifika vibaya kwa shimo hilo. Hiki cha pili kilipunguza makali yake lakini hakikulifuta. Na ili ngoma hiyo yote ichezwe, chini ya boneti kuna solenoidi (swichi za umeme zinazoamuru vali), vali na mipira ya vakyumu mingi, yote ikiongozwa na kompyuta. Mipira hiyo imekaa karibu na tabo mbili zenye moto, na kwenye gari la 2001 imeshapita miaka ishirini. Mpira mmoja ukipasuka kwa ndani, mahali usipopaona, tabo ya pili haiingii kabisa, au inaingia wakati si wake. Fundi asiyezijua atakuuzia tabo mpya wakati ugonjwa ni kipande cha mpira.

Mbeya inaongeza jambo moja ambalo muuzaji wa Dar hawezi kulisikia akiendesha kwao. Mji wenu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapo ni pungufu kuliko ya Dar kwa asilimia 17 au 18 hivi. Watu husema gari la tabo halijali mwinuko, na kwa kiasi ni kweli, kwa sababu tabo inaweza kufidia kwa kuzunguka haraka zaidi. Lakini fidia hiyo inakuja tabo ikishaingia. Kabla haijaingia, unaendesha injini ya cc 2,000 isiyo na tabo, iliyopunguziwa mgandamizo wa silinda makusudi ili iistahimili tabo, halafu inavuta hewa hafifu. Kila kuchelewa unakokusikia Kibaha, Uyole utakusikia zaidi. Na tabo ya kwanza kwenye Legacy hiyo, ndogo kama ilivyo, inalazimika kukimbia zaidi kabla ya kijiti kufika. Kwa mtu anayeishi nyanda za juu, tabo inayoingia kwenye 2,400 ina thamani kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Turudi kwa Subaru wenyewe na mwaka 2003. Badala ya kuongeza mipira, walibadilisha mabomba. Tabo waliyoweka ni moja, lakini nyumba ya feni yake ya moshi imegawanywa njia mbili na ukuta katikati, ndiyo ile inayoitwa twini skroli. Sababu ya ukuta huo ni hii. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake. Kwenye injini ya silinda nne, pigo la silinda moja linapotoka, vali ya silinda jirani inaweza kuwa bado haijafunga, na pigo hilo likarudi kuisukuma badala ya kwenda kwenye tabo. Ukizipanga silinda mbili ambazo mapigo yake yako mbalimbali kwenye njia moja, na mbili nyingine kwenye njia ya pili, hakuna anayemwingilia mwenzake, na kila pigo linaifikia feni likiwa na nguvu zake.

Kwa injini iliyosimama, yenye silinda nne kwenye mstari, hiyo ni kazi nyepesi: ya kwanza na ya nne pamoja, ya pili na ya tatu pamoja. Kwa Subaru ni shughuli. Silinda zake huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4. Zinazotakiwa kuoanishwa ni 1 na 2, kisha 3 na 4, na 1 iko kulia wakati 2 iko kushoto. Mabomba ikabidi yavuke chini ya injini, tena yawe na urefu sawa. Walipofanya hivyo ule mngurumo wa Subaru, ule unaoufahamu ukiwa bado uko kitandani na jirani ndiyo kwanza anaingia, ukapotea. Mngurumo ule ulikuwa unatokana na mabomba yasiyolingana urefu. Kuna vijana ambao hawajawasamehe mpaka leo, na Forester nyingi za miaka hiyo zimebaki na sauti yake kwa sababu zilibaki na mabomba ya zamani.

Hili si jambo la Subaru peke yake. Toyota walifanya safari hiyohiyo kabla yao. Injini ya 1JZ-GTE, ya silinda sita na cc 2,500, ile iliyowekwa kwenye Mark II na Chaser za Tourer V, ilianza mwaka 1990 ikiwa na tabo mbili ndogo zinazofanya kazi sambamba. Farasi 280, Newton mita 363 kwenye mizunguko 4,800. Mwaka 1996 wakaweka tabo moja: farasi 280 vilevile, Newton mita 378, kwenye mizunguko 2,400. Nikitenda haki, si tabo peke yake iliyofanya kazi hiyo. Mwaka huohuo injini ilipewa VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, na mchango wake ni mkubwa. Lakini walioirithi injini ya kwanza watakuambia pia kwamba feni za moshi za zile tabo mbili zilikuwa za kauri, nyepesi na za kuvutia, na ukipandisha presha kidogo zinavunjika.

BMW nao vivyo hivyo. 335i ya mwaka 2006 ilikuja na injini ya N54, tabo mbili, farasi 306 na Newton mita 400. Mwaka 2009 ikaja N55, tabo moja ya njia mbili, farasi 306 na Newton mita 400 zilezile, zikianza mapema kidogo. Hapa nikuonye kidogo endapo siku moja utahamia huko: kwenye N55 wameandika TwinPower Turbo juu ya kifuniko cha injini, na wauzaji wengi wanaisoma wakakuapia kuwa ni tabo mbili. Ni moja.

Usiondoke hapa ukidhani tabo mbili ni za kizamani. Itazame injini ya V. Silinda zimegawanyika pande mbili, na kila upande unatoa moshi wake nje, mbali na mwenzake. Ukitaka tabo moja lazima uvushe mabomba ya moto kutoka upande mmoja hadi mwingine, njiani joto linapotea, na nafasi hakuna. Kuweka tabo moja kila upande ndiyo njia fupi. Ndiyo maana mashangingi ya serikali, yale ya Land Cruiser 200 ya dizeli yenye injini ya V8 ya lita 4.5, yana tabo mbili. Injini hiyohiyo, 1VD-FTV, ilipowekwa kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 ilipewa tabo moja na kushushwa: Newton mita 430 badala ya 650. Hazikushuka kwa sababu tabo ni moja. Toyota walitaka injini tulivu ya gari la kazi, na kwa kazi hiyo moja ilitosha. Land Cruiser 300 nayo, V6 zake zenye tabo, ya petroli na ya dizeli, zote zina mbili, na ukitazama umbo la injini hutauliza kwa nini.

Dizeli ina njia yake nyingine ambayo sitaiingilia sana. Prado na Hilux zenye 1KD-FTV zina tabo moja yenye mabawa madogo yanayojifunga na kujifungua kuzunguka feni, moshi ukiwa mdogo yanabana njia, ukiwa mwingi yanaachia. Inafanya kazi ya tabo ndogo na kubwa ndani ya nyumba moja. Adui yake ni masizi, yanayoyagandisha mabawa. Na zipo dizeli zenye tabo mbili zilizounganishwa kwa kufuatana, ndogo kwa chini na kubwa kwa juu, kama BMW 535d ya mwaka 2004. Hizo zinavuta kwelikweli, na zikiharibika utaujua uzito wa pochi yako.

Sasa fundi wako na tabo yake kubwa. Sitaki kumvunjia heshima, huenda mkono wake ni mzuri. Lakini anachopendekeza kinakuondolea faida pekee ya mfumo wa 2001, yaani ile tabo ndogo ya kwanza inayoingia mapema, na kukuachia kuchelewa kwa tabo kubwa, kwenye mwinuko, kwenye giaboksi ya otomatiki ambayo haikupangwa kwa injini inayoamka ghafla. Halafu kazi yenyewe si kung'oa na kufunga. Mabomba ya moshi yabadilishwe, njia za oili na maji zielekezwe upya au kuzibwa, na kompyuta ya gari, inayotarajia kuzisikia zile solenoidi, ipangwe upya. Asipoipanga, taa ya injini itawaka daima, na kipimo cha petroli na cheche kitakuwa cha injini ambayo haipo tena. Petroli nyingi na hewa nyingi vikikosewa kipimo, injini inaanza kugonga, yaani petroli inaripuka wakati si wake, na pistoni za EJ20, injini ya Legacy hizi, hazina uvumilivu wa kugongwa. Kumbuka injini hizi zilipimwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake, kipimo cha kustahimili huko kugonga, inakaribia 100. Yetu ya kituoni haifiki huko. Watu wanaobadilisha mbili kuwa moja wapo wengi duniani, hasa wenye Supra na 2JZ yake, lakini wanatafuta farasi wengi wa mashindano na wako tayari kukosa nguvu huku chini. Wewe unataka kufika Dar.

Mtu ambaye tayari anaimiliki ile ya tabo mbili na anaipenda, ushauri wangu kwake ni tofauti kabisa: anunue mipira ya vakyumu mipya ya silikoni, akae na fundi mwenye mchoro, wabadilishe wote kwa siku moja, mmoja mmoja, bila kung'oa kumi kwa mpigo. Gari nyingi zilizohukumiwa kuwa tabo imekufa zimefufukia hapo. Kama unataka kuijaribu ya muuzaji hata hivyo, tafuta barabara tupu, ishike gia moja, ikanyage kutoka 2,000 hadi 6,000. Ukisikia msukumo, mnyong'onyeo mfupi, kisha msukumo wa pili, mfumo unafanya kazi. Baada ya 4,500 ikibaki imelala, ya pili haiingii. Muuzaji akikuambia "ndivyo zilivyo", mshukuru kwa chai.

Kuhusu ya 2005. Nenda asubuhi, ikute ya baridi, na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Boneti ikiwa ya moto, imewashwa, na anajua kwa nini. Chomoa kijiti cha oili kabla ya jambo lolote. Oili ikiwa chini ya alama kwenye injini hii usijipe moyo, beringi za krenki huanza kuimba baada ya hapo. Iwashe na usikilize. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata mizunguko, unamaliza mazungumzo. Moshi wa buluu ikiwashwa, au baada ya kuachia pedeli ukishuka mteremko, ni oili inayopita mahali isipotakiwa, aidha kwenye tabo au kwenye ringi.

Sikiliza pia sauti yenyewe. Gari hili linatakiwa kutulia. Likinguruma kama Impreza ya mashindano, uliza kama mabomba ya moshi yamebadilishwa. Vijana huyatoa ya njia mbili na kufunga ya zamani ili warudishe ule mngurumo, na wakifanya hivyo ile nguvu yote ya kuvuta kwenye mizunguko 2,400 imeondoka na sauti imebaki.

Fungua bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na uishike ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo kwenda kando ni kawaida, kwa sababu shafti inaelea juu ya oili na oili haipo wakati injini imezimwa. Kusogea mbele na nyuma, au ncha za feni kugusa ukuta, si kawaida. Pima kwa mashine misimbo ya hitilafu, na uangalie kama imefutwa muda si mrefu. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asiyejua tarehe, hesabu haujabadilishwa na toa gharama yake kwenye bei, maana ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Ukishainunua, kabla ya safari ya kwanza, mwambie fundi afungue bolti yenye tundu inayopitisha oili kwenda kwenye tabo. Kwenye Subaru nyingi za miaka hiyo ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu. Mwenye gari akiwa amechelewesha oili, wavu huo unaziba, na tabo nzima inakufa kwa kiu wakati kijiti kinaonyesha oili imejaa. Kisafishe au weka kipya. Badilisha oili kila kilomita 5,000, ya sinthetiki, na usikubali ile ya kupimwa kwenye kopo.

Na ukitoka Dar, ukishamaliza kupanda Kitonga na ukasimama Ilula kununua nyanya, usizime injini papo hapo. Iache iungurume polepole dakika moja au mbili, oili iendelee kupita kwenye shafti yenye moto isije ikaungua na kuganda humo. Bei ya nyanya waweza kuipatana kupitia dirishani.